Kabati Lisilo na Miguu



Komanda ni mji wa njia panda. Atokaye Bunia, akiisha kwenda kilometa kama 75, hufika hapa kwetu, na hapo huchagua: njia moja yaenda Beni, nyingine Mambasa mpaka Kisangani. Magari ya mizigo hupita, pikipiki hupita, wachuuzi hupita. Mgeni hudhani kwamba kila mtu wa Komanda yu safarini. Lakini sisi makatekista, tuingiao nyumbani mwa watu, twajua kwamba wako wengine ambao safari yao ndefu kabisa ni kutoka kitandani mpaka mlangoni. Habari za hao twataka kuwapasha leo, na habari za kosa letu pia.

Seminarini tulizoea chumba cha vitabu chenye ukimya na ufunguo. Kitabu kilikaa mahali pake, msomaji ndiye aliyekifuata. Tulipopewa kazi ya ukatekista, desturi hiyo tulikuja nayo. Vitabu vyetu vichache tulivitia katika kabati moja, tukaandika juu yake siku na saa za kufungua. Watoto wa shule wakaja. Nasi tukafurahi, tukasema: Tazama, maktaba yetu yafanya kazi. Hatukujiuliza ni nani asiyekuja.

Aliyetuuliza ni mzee mmoja, mwalimu wa shule wa zamani, aliyepooza upande mmoja. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi tulimpelekea Komunyo Takatifu. Siku moja, baada ya sala ya shukrani, alisema, “Wanangu, mwaniletea Bwana wangu, nami nashukuru sana. Lakini mkiisha kuondoka, siku zote zinazobaki nazungumza na ukuta huu. Je, lile kabati lenu halina miguu?”

Neno hilo tulirudi nalo njiani. Tulikumbuka mafundisho juu ya Mtakatifu Yustino, shahidi, aliyeandika huko Roma yapata mwaka 155. Yeye aeleza kwamba Wakristu wa zamani walipomaliza ibada, mashemasi waliwapelekea Ekaristi wale wasiokuwapo. Basi, kama Bwana mwenyewe hakuona haya kuchukuliwa mpaka nyumbani kwa asiyeweza kuja, kitabu ni nani hata kingoje kufuatwa?

Mwezi uliofuata tulimpelekea mzee kitabu cha novena. Alikipokea kwa mkono wake mzima, akashukuru. Mwezi wa pili tulikikuta palepale. Wa tatu vilevile, tena kina vumbi. Tukaanza kumhubiri juu ya uvivu wa roho. Alituacha tumalize, kisha akasema kwa upole, “Wanangu, herufi hizi machoni pangu ni kama sisimizi. Tena novena hii naijua kwa moyo tangu ninyi hamjazaliwa. Hamkuniuliza nataka nini.”

Tuliona haya sana. Tulikuwa tumebeba kitabu, tukamsahau mtu. Ndipo tulipomwuliza. Kumbe alitaka kitabu cha hesabu cha shule ya msingi, kwa maana mjukuu wake alikaribia mtihani. Katika kabati letu hakikuwamo. Tukakiazima kwa mwalimu mmoja, tukampelekea. Baada ya majuma mawili tulipopiga hodi, tulisikia sauti za darasa. Watoto wanne waliketi mkekani kando ya kitanda. Mmoja alisoma swali kwa sauti, mwingine aliandika jibu ukutani kwa kipande cha kaa, na mzee alisema, “Tena! Fikiri tena!” Ule ukuta aliozungumza nao peke yake sasa ulikuwa ubao.

Labda msomaji atatupinga, akitaja habari za Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Mwaka 1521 mguu wake ulivunjwa na tufe la mzinga huko Pamplona. Alipolala kitandani aliomba hadithi za mashujaa wa vita. Hazikuwamo nyumbani, akapewa kitabu cha maisha ya Kristu na kingine cha watakatifu, navyo vikamgeuza moyo. Je, si vema basi kumpa mgonjwa kile kinachomfaa, hata asipokitaka? Twajibu: mgonjwa huyo kwanza aliomba, na watu wa nyumba walimsikia, wakampa walichokuwa nacho. Sisi hatukusikia. Mungu aweza kutumia kitabu chochote, lakini hilo halituondolei sisi wajibu wa kusikiliza.

Wengine wametutangulia katika kazi hii. Huko Kenya, mwaka 1996, shirika la maktaba la taifa lilianza kuwatuma ngamia kutoka Garissa na masanduku ya vitabu mgongoni, wawafikie wafugaji wakaao mbali na mji. Sisi hatuna ngamia. Tuna miguu, na mfuko wa plastiki wa kukinga mvua. Tuna kaye moja ya kuandika jina la kitabu na siku tuliyokipeleka. Asiyeweza kuona, twamsomea. Asiyejua kusoma, twamsomea pia, wala hatumwaibishi. Ebola ilipokuja pande zetu kati ya mwaka 2018 na 2020 ilitufundisha usafi. Kwa hiyo twanawa mikono kabla ya kuingia na baada ya kutoka.

Tena wako wasiotoka si kwa ugonjwa wa miguu. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, waasi wa ADF waliwavamia waamini katika kesha la sala hapa Komanda, kanisani, wakaua watu wapatao 40. Hatutaki kuyaeleza hayo tena. Kila nyumba yayajua. Lakini tangu usiku ule yuko mama mmoja ambaye hakupita tena ua wa nyumba yake. Tulipomwuliza ataka kusoma nini, alijibu, “Kitu kisicho na vita.” Tukampelekea kitabu cha ushonaji. Alikisoma chote, akaomba kingine. Zamani tulikiweka mezani kwake. Siku hizi, akisikia hodi yetu, hutoka na kutupokea kwenye ua. Kanisani hajafika bado. Hatumharakishi.

Wasomaji wapenzi, kazi hii haihitaji fedha nyingi. Labda nyumbani kwako kuna kitabu kilichofungiwa sandukuni, na nyumba ya tatu kutoka kwako kuna mtu azungumzaye na ukuta. Nenda umpigie hodi. Usianze na kitabu. Anza kwa kumwuliza. Kisha keti kidogo, maana mgonjwa hufurahia kitabu, lakini humfurahia zaidi aliyekileta.

Naye Mwenye Heri Anuarite, aliyemwaga damu yake huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964, atuombee sisi sote, tutembeao na wasiotembea.