Ya Zamani ya Wapi?

Msafiri atokaye Bujumbura kwa barabara iendayo kusini huandamana na Ziwa Tanganyika mkono wake wa kulia, na kwa mwendo wa kilomita 70 na ushei hana la kutazama ila maji upande mmoja na milima upande wa pili, mpaka michikichi ianze kusongamana kandokando ya njia na harufu ya mawese imwarifu kwamba amekwisha kufika Rumonge. Mji wetu huu ni mji wa mawese, wa ndagala na wa Kiswahili. Kiswahili hapa hakikuletwa na shule. Kilikuja na mitumbwi na misafara ya karne ya 19, wakati Ujiji ilipokuwa mlango wa ziwa lote. Nasi walimu, somo hili lilipoingizwa katika shule za msingi za Burundi katika miaka ya 2000, tulikikuta kimekwisha kujikalia sokoni na misikitini kikitungoja.

Tungependa leo kuzungumza na walimu wenzetu, na wanafunzi wao, juu ya ugomvi wa mashabiki wa muziki. Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili halistahili kurasa za jarida la lugha. Lakini katika ufuko huu, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, nyimbo ndizo kitabu cha Kiswahili chenye wasomaji wengi kuliko vyote, na miongoni mwa wasomaji hao wamo wasiojua kusoma. Watu wakigombania kitabu hicho, mwalimu atajitenga vipi?

Kwa anayeutazama kwa mbali, ugomvi wenyewe ni ule ule usikikao kila mahali Kiswahili kinakoimbwa. Wakubwa husema nyimbo za siku hizi hazina lugha: maneno matatu, moja lao la Kiingereza, huzungushwa mpaka msikilizaji ashikwe na kizunguzungu. Vijana nao husema nyimbo za wakubwa zinachosha, kwani mpiga gitaa huchukua dakika tano nzima akitafuta njia ya kurudi nyumbani. (Na hapo vijana wana haki kidogo.) Wako watakao sherehe iwe na muziki wa namna moja, ianze nao na iishe nao, na wako watakao kila kitu kipewe zamu: rumba ya Kinshasa, dansi ya Dar es Salaam, taarabu, nyimbo za Kirundi, na huo muziki wa kizazi kipya uitwao Bongo Fleva. Hata akina mama wa taarabu hawapatani wao kwa wao. Mmoja atakuambia kwamba taarabu ni ile ya fidla na udi, iliyomfikisha Siti binti Saad mpaka Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi santuri. Mwenziwe atamjibu kwamba taarabu ilipata miguu mwanzoni mwa miaka ya 1990, vikundi kama East African Melody na TOT vilipoleta vinanda vya umeme na watu wakaanza kuinuka vitini. Mabishano haya yote aghalabu huhesabiwa kuwa ni ya umri tu: mzee na kijana, basi.

Harusi moja, miaka michache iliyopita, ilitufunulia upande mwingine. Bwana harusi alikuwa wa jamaa iliyokaa Rumonge miaka yote. Bibi harusi alikuwa wa jamaa iliyorudi kutoka Tanzania. Maakuli yalipokwisha, mzee mmoja wa upande wa bibi harusi alimwomba dijei awapumzishe vijana kidogo, apige za zamani. Dijei, kijana mwenye adabu, akaweka wimbo wa Canjo Amissi, mwimbaji aliyevuma Bujumbura katika miaka ya 1980. Nusu ya ukumbi ikainuka kama iliyovutwa kwa kamba. Nusu ya pili ikabaki imekaa, na mzee aliyeomba akabaki amekaa pamoja nayo.

Dijei akamwendea. "Mzee, si ndizo ulizotaka?"

"Hizo si za zamani, mwanangu. Weka Mbaraka Mwinshehe. Weka Marijani Rajabu."

Kijana akatafuta, akapata, akaweka. Mara wale waliokaa wakainuka, na wale waliosimama wakarudi vitini. Bwana mmoja wa upande wa pili akasema kwa sauti, huku akicheka, kwamba hizo ni nyimbo za Watanzania na leo tuko Rumonge. Kicheko chake hakikupata wa kukipokea. Mzee akamwambia taratibu: "Ndugu yangu, mlipokuwa mkicheza hizo zenu, sisi tulikuwa tunakata msitu Mishamo. Redio ilikuwa moja kwa nyumba nyingi, na nyimbo hizi ndizo zilizokuwa zikitoka ndani yake." Hapo ndipo bibi mmoja mjane, wa jamaa ya bwana harusi, alipogeuka akamtazama. "Kaka," akasema, "nani alikuambia kwamba sisi tulikuwa tukicheza?"

Asiyeijua historia ya ufuko huu hataelewa kwa nini ukumbi mzima ulinyamaza. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi na mauaji yalianzia upande huu wa kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na ukandamizaji wa serikali uliofuata ulienea nchi nzima, ukaua watu kwa makumi ya maelfu. Waliopata mtumbwi au njia ya miguu walikimbilia Tanzania. Huko wengi waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, katika mapori ya magharibi ya nchi ile, wakayafyeka, wakalima, wakazaa na kulea. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili. Mwaka 2008 na mwaka 2009 watu zaidi ya 50,000 katika hao na wazao wao walirudi Burundi. Wengi walirudi huku kwetu, wakakuta michikichi ya wazazi wao ina wenyewe wengine. Kirundi kina maneno yake kwa makundi haya mawili: abahungutse, yaani waliorudi, na abasangwa, yaani waliokutwa. Kwa hiyo, mtu anapoambiwa katika harusi ya mjukuu wake kwamba nyimbo zake ni za Watanzania, hasikii habari ya nyimbo. Anasikia habari ya shamba. Na yule anayeambiwa kwamba alikuwa akicheza wakati wenziwe wakifyeka msitu, anakumbuka aliowazika, au wale ambao hakupewa hata kuwazika.

Tangu siku ile tumekuwa tukilitafakari neno moja tulipendalo sana sisi walimu, nalo ni zilipendwa. Tazameni sarufi yake. Ni kitenzi katika kauli ya kutendwa, wakati uliopita. Watendwa ni nyimbo, na mtenda hatajwi. Zilipendwa na nani? Zilipendwa wapi? Dar es Salaam swali hilo halina haja, kwa sababu jibu linajulikana: zilipendwa na sisi, hapa hapa. Rumonge swali hilo ndilo lenye uzito wote. Watu wa rika moja, wenye mvi zile zile, waliozaliwa katika mtaa mmoja, hawana zamani moja. Mmoja zamani yake ni Radio Tanzania ikisikilizwa porini. Mwingine zamani yake ni Radio ya Burundi, iliyokuwa ikijiita Sauti ya Mapinduzi. Wa tatu zamani yake ni rumba iliyovuka kutoka Uvira. Vijana wao, ambao tunawalaumu kila siku, wanazijua nyimbo zile zile za Bongo Fleva kwa maneno yale yale, awe amezaliwa Katumba au Rumonge.

Hatusemi haya ili kuwasifu vijana kupita kiasi. Katika nyimbo zao takataka ni nyingi. Lakini ya kale nayo ilikuwa na takataka zake, ila wakati umekwisha kutupepetea, nasi tunauona mchele tu na kudhani kwamba makapi hayakuwapo. Mwalimu mwenzetu mmoja, mtu wa kuheshimika sana, hushikilia kwamba lugha safi imo katika muziki wa dansi wa Tanzania wa miaka ya 1970 na 1980, na kwamba hizi za leo ni za kigeni zitakazotuharibia watoto. Tukaona afadhali jambo hilo lipimwe. Tuliwaomba wanafunzi walete kila mmoja wimbo unaopendwa nyumbani kwao, nasi tukaandika ubaoni jina la mwimbaji na mahali alikotoka.

Ubao ulitoa majibu ambayo wengi hawakuyatarajia. Remmy Ongala, aliyeletwa na wanafunzi watatu kama mfano wa Mtanzania halisi wa zamani, alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Mpaka alipofariki mwaka 2010, Tanzania nzima ilimwita Dokta na ilimhesabu kuwa wake. Rumba yenyewe, ambayo wazee wa ufuko huu huiona kuwa ni ya jirani kabisa, ilipata chachu kutoka katika santuri za Kuba zilizouzwa Afrika tangu miaka ya 1930 kwa alama ya GV. Na UNESCO ilipoiandika katika orodha yake mwaka 2021, iliiandika kwa jina la Kongo zote mbili. Basi hicho cha kwetu cha asili kimetoka mbali. Na hicho cha kigeni?

Hicho cha kigeni kimetoka ng'ambo ya pua. Mwaka 2012 wasanii wa Bongo Fleva wenye asili ya Kigoma, Diamond Platnumz akiwa mmoja wao, walijikusanya kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo uitwao "Leka Dutigite". Jina hilo ni la Kiha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Vijana wa Dar es Salaam walihitaji kufasiriwa; wanafunzi wetu hawakuhitaji. Msichana mmoja, ambaye bibi yake hukataza Bongo Fleva nyumbani kwa sababu ni ya nchi nyingine, alicheka mpaka akajifunika uso kwa daftari. Ni kama habari ya yule samaki wetu: sisi tunamwita mukeke, watu wa Kigoma wanamwita mgebuka, na samaki mwenyewe anakwenda na kurudi bila kuuliza jina.

Mwanafunzi mwingine alisema kwamba kama tunataka ya zamani kweli, basi ni ngoma za Kirundi, ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014, na mengine yote ni ya kuja. Hoja ilikuwa nzito, tukampa haki yake. Hata hivyo mwenziwe alimkumbusha kwamba ngoma zile zilikuwa za mfalme, zilipigwa na watu wa koo maalumu, na ufalme ulikwisha mwaka 1966. Babu zao wavuvi hawakuoa kwa ngoma za mfalme. Msichana wa mbele akauliza kwa nini amri ya mwaka 2017 imewakataza wanawake kuzipiga, ilhali vikundi vya wanawake vilikuwa vimekwisha kuzipiga. Kengele ikalia kabla hatujamjibu, nasi twakiri kwamba kengele ile haikutuudhi.

Mwalimu mwenzetu hajakubali kushindwa. Anasema kujua mtu alikozaliwa si kujua kama anaimba Kiswahili kizuri, na neno hilo ni la kweli. Tunazidi kubishana naye kila tukutanapo, na hapana dalili ya mwisho. Yule dijei, kwa upande wake, amepata maarifa. Siku hizi mtu mzima akimwomba ya zamani, humwuliza kwanza kwa heshima zote: "Mzee, ya zamani ya wapi?" Wako wanaokasirika, na wako wanaovuta kiti wakaanza kumsimulia, wimbo ukachelewa kwa nusu saa.

Nasi darasani tumefungua daftari la nyimbo. Kila wimbo una jina, mwimbaji, mwaka ukijulikana, na safu moja ambayo wanafunzi wenyewe waliitaka iongezwe: ulipendwa na nani, wapi. Katika safu hiyo Mbaraka Mwinshehe ameandikiwa Mishamo, na Canjo Amissi ameandikiwa nyumba iliyo nyuma ya soko. Wimbo mmoja wa taarabu umeandikiwa kisima cha Ulyankulu, kwa kuwa mama mmoja alijifunza maneno yake akiwa katika foleni ya maji. Wimbo wa mwisho kuletwa kabla ya likizo ulitoka kwa mvulana ambaye jamaa zake walivuka kutoka Fizi. Ni wa Kibembe, na hakuna katika sisi aliyeweza kuuandika sawasawa. Ilibidi bibi yake aje shuleni mwenyewe. Alikaa kiti cha mwalimu, akauimba polepole mara nne, na kila mara alisimama mahali pale pale kumsahihisha mjukuu wake herufi moja.