Kisu cha Fundi Umeme

Ufundi umeme umenilisha hapa Tanga tangu ujana wangu, na kati ya zana zote zilizopita mikononi mwangu, niliyoitumia zaidi ni kisu cha kukunja kinachokaa mfukoni. Vijana wanaoanza kazi huniuliza wanunue kipi, na wengi huja wakiwa wameshapenda kimoja kwa ung'avu wake, au kwa sababu muuzaji amekisifia chuma. Jibu langu halijabadilika. Anza na kazi ambayo kisu kitaifanya kila siku, kisha tazama jiwe ulilonalo la kukinolea. Jina, sura na ugumu wa chuma vije baadaye.

Kazi ya kwanza ya kisu chetu ni kumenya kebo. Kebo bapa ya nyumbani ina ganda la nje, na ndani yake nyaya mbili zilizovikwa plastiki pamoja na waya wa ethi usiovikwa kitu. Ya taa kwa kawaida huwa ya milimita mraba 1.5, ya soketi 2.5. Fundi huchomeka ncha ya kisu katikati ya ganda na kulipasua kwa urefu, waya wa ethi ukiwa ndio njia ya kufuata, kisha hulikunja nyuma na kulikata. Makali yakiwa butu, mkono huongeza nguvu, na nguvu hiyo huishia kwenye plastiki ya ndani au kwenye shaba yenyewe. Shaba iliyotiwa kovu huweza kukatikia hapohapo inapopindwa kuingia kwenye soketi. Isipokatika leo, itakatika siku mwenye nyumba atakapofungua soketi ile kubadilisha kifuniko. Kwa kazi hii ubapa wa sentimita sita au saba unatosha kabisa. Ukizidi hapo ncha inakuwa mbali na vidole, na kidole ndicho kinachohisi kisu kimefika wapi.

Hata historia ya kisu kinachojulikana kuliko vyote inaonyesha kwamba kazi ndiyo hutangulia. Jeshi la Uswisi lilipochagua kisu cha askari wake, mwaka 1891, halikutafuta kizuri cha kutazamwa. Askari alihitaji kufungua kopo la chakula na kufungua bunduki mpya ya wakati ule, ambayo haikufunguka bila bisibisi. Basi kikatengenezwa kisu chenye ubapa, kifungulia kopo, bisibisi na msumari wa kutobolea. Kila chuma kilichomo kilikuwa na kazi iliyokiita.

Mafundi wenzangu hunipinga kwenye chuma. Wanasema chuma kigumu hukaa na makali muda mrefu, na hilo ni kweli. Visu vya Victorinox, kampuni inayotengeneza kisu hicho cha jeshi la Uswisi, vina ugumu wa karibu 56 kwa kipimo cha Rockwell, na vipo vya bei kubwa vinavyopita 60. Lakini makali yote huisha, na swali linalobaki ni nani atayarudisha, na kwa zana gani. Chuma cha 56 kinanoleka kwa kinoo cha kawaida cha dukani, kile chenye upande wa kukwaruza na upande laini. Kikikosekana kinoo, kuna kitako cha kikombe cha kauri, ile pete chini isiyong'aa. Ukipitisha kisu pale taratibu, upande mmoja baada ya mwingine, kinarudi kazini. Chuma kigumu sana kinataka jiwe la almasi na subira, na fundi aliye juu ya ngazi hana vyote viwili. Mwisho wake anaendelea kumenya na kisu butu cha bei kubwa.

Wengine hupenda kisu cha Opinel cha Ufaransa, chenye mpini wa mbao na chuma cha kaboni, kwa sababu kinanoleka upesi. Nakiheshimu, ila pwani hii ina hewa ya chumvi na mfuko wa fundi una jasho. Chuma kile hushika kutu, na mbao ikinyonya unyevu huvimba ikaubana ubapa usifunguke. Mtu wa Tanga au Mombasa achukue kisichoshika kutu. Kampuni hiyohiyo inavyo, ingawa mpini ni wa mbao vilevile.

Juu ya kufuli la kuzuia ubapa usijikunje sina mjadala mrefu: kisu kiwe nalo. Anayechomeka ncha kwenye ganda anausukuma ubapa kuelekea kujikunja, na vidole viko njiani. Jeshi lile la Uswisi nalo, lilipochagua kisu kipya mwaka 2008, lilichukua chenye kufuli. Aliyeko Uingereza ajue kwamba sheria ya kule huruhusu kutembea bila sababu maalumu na kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 na kisicho na kufuli. Chenye kufuli kinataka sababu, na kazi ni mojawapo.

Limebaki pingamizi la praizi ya kumenyea, kwamba imekiondoa kisu kazini. Kwa nyaya za ndani nakubali bila kinyongo: tundu lake limepimwa, na shaba hutoka bila kovu. Lakini praizi hiyo haipasui ganda la nje, haisafishi waya uliopakwa saruji ukutani, wala haikati bomba la plastiki lililojichomoza nje ya plasta. Kwa kazi hizo mkono bado unarudi mfukoni.