Pacha Aliyepinduliwa

Mjukuu wangu alikuja likizo hapa Mabogini na kitabu cha picha cha Kimarekani. Nilitaka kumnyang'anya, nikidhani ni upuuzi wa kumpotezea wakati. Yeye akanikalisha ukingoni mwa jaruba, akanisimulia.

Kumbe mwaka 1964 mtungaji Gardner Fox na mchoraji Mike Sekowsky walibuni dunia ya tatu, ambako kila jambo limepinduliwa. Mashujaa Superman, Batman na Wonder Woman huko ni genge la majambazi: Ultraman, Owlman na Superwoman. Jiwe la kryptonite, linalomdhoofisha Superman, humwongezea Ultraman uwezo mpya. Na katika hadithi ya mwaka 1982, Luthor, adui mkubwa wa Superman, ndiye mtu mwema wa dunia hiyo.

"Babu," mtoto akaniuliza, "kama nguvu ni zile zile, kilichobadilika ni nini?"

Nikamjibu upesi: "Nia, mjukuu wangu. Panga ni moja. Huyu hufyekea shamba, yule huvunjia nyumba."

Yeye akaridhika. Mimi sikuridhika, kwani swali lake lilinitonesha donda.

Sisi wa Mabogini twategemea mpunga, na mpunga wategemea mfereji. Tangu mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ukamilike mwaka 1987, wakulima tumezoea kungojea maji kwa zamu. Mchana mimi ndiye niliyewahimiza wenzangu waheshimu zamu. Lakini usiku mmoja wa msimu uliopita, mpunga wangu ukinyauka, nilichukua jembe lile lile la kusafishia mfereji, nikayageuza maji ya jirani yangu mjane. Asubuhi alikuja kunilalamikia mimi, akiniona mwadilifu. Nami nikampa pole!

Jambazi huyo hakutoka dunia ya tatu. Alitoka chumbani mwangu.

Jioni ile nilikwenda kwake nikaungama. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mzee, mpunga uliokauka haufufuki. Zamu yako ijayo nipe mimi." Nilimpa, na nyingine mbili juu yake. Salamu tunapeana, lakini shida zake haniletei tena.

Basi tusiwacheke majambazi wa vitabuni. Kila mmoja wetu anaye pacha wake aliyepinduliwa, mwenye nguvu zetu na jembe letu, naye hungojea usiku na kiu. Heri amjuaye wake mapema, akamfungia mlango.