Watoto Waliojificha Nyuma ya Rangi ya Kijani

Wengi mmetuuliza hii "kazi ya kompyuta" inayotukesha ni kazi gani hasa. Basi leo tuisimulie, na wale waliokuja kutafuta mapishi watuwie radhi kwa wiki hii.

Tunatengeneza dashibodi, yaani ukurasa wa tovuti unaochukua takwimu za afya na kuzigeuza ramani, mistari na rangi, ili muuguzi asilazimike kusoma jedwali lenye safu arubaini. Yetu inahusu mkoa wa Katavi, magharibi ya Bara. Mmoja wetu ameolewa huko na anaishi Mpanda mjini, mwengine yuko hapa Unguja. Kwa wasiopajua: kutoka Tabora treni inakwenda Kaliua, hapo tawi linakata kuelekea kusini, na Mpanda ndio mwisho wa reli. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012.

Takwimu zinaanza kwa kalamu. Kila zahanati ina vitabu vya MTUHA, yale madaftari makubwa mnayoyaona mezani mkienda kliniki. Mtoto akichanjwa anatiwa alama kwenye mstari wake. Mwisho wa mwezi muuguzi anajumlisha, kisha jumla inaingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, ambao asili yake ni Chuo Kikuu cha Oslo na sasa unatumika katika nchi nyingi za Afrika. Sisi tunapewa jumla tu, bila ya majina. Kuzichora si shida, mtu aliyejifunza programu miezi michache anaweza.

Shida iko kwenye kugawanya. Asilimia ya chanjo ni watoto waliochanjwa, ugawe kwa watoto waliopaswa kuchanjwa. Namba ya juu inatoka kwenye daftari. Ya chini ni makisio, na makisio yanatoka kwenye sensa. Sasa tazameni Katavi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Ni ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka, hakuna mkoa mwengine Tanzania uliokua kwa kasi hiyo. Wafugaji na wakulima wamehamia kutoka Usukumani na Tabora wakifuata ardhi na malisho, wengine wamefuata dhahabu. Na kuna Katumba na Mishamo, makazi ya watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania.

Aliyekadiria kwa kasi ya kati ya 2002 na 2012, kama asilimia 3.2 kwa mwaka, angetarajia watu wapatao 770,000. Waliobaki nje ya hesabu hiyo ni karibu 380,000. Kwa sisi wa visiwani, Pemba nzima kwenye sensa ya 2012 ilikuwa na watu 406,848. Ni kama mtu kuisahau karibu Pemba yote.

Chukueni mfano tu. Zahanati imekadiriwa watoto 200, imechanja 240. Ramani inaandika asilimia 120 na kupaka kijani kibichi, watu wanapiga makofi. Lakini kama watoto wenyewe ni 300, basi 60 hawajachanjwa, na hawaonekani popote. Surua haisomi makisio.

Kwa hiyo tukaamua kwamba chochote kinachopita 100 hakitapata kijani. Kinapakwa kijivu, na chini yake tumeandika "idadi ya watoto ihakikiwe". Kuna waliotwambia kijivu kinaharibu sura ya ripoti. Labda, lakini kijani cha uongo kinaharibu zaidi, na hapo hatukurudi nyuma.

Tukatafuta pia kipimo kisichotegemea makisio. Chanjo ya penta anapewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ukilinganisha waliopata ya kwanza na waliopata ya tatu, namba zote mbili zinatoka kwenye daftari moja. Pengo likiwa kubwa, ujue kina mama walifika mara moja wakapotea, na hapo swali linakuwa zuri zaidi: wamekwenda wapi? Mhudumu mmoja wa afya ya jamii alimjibu mwenzetu pasi na kufikiri, "Dada, mvua zikianza mama anahamia shamba. Huko hakuna zahanati." Sasa mchoro wa pengo umewekwa sambamba na miezi ya kilimo.

Jengine lililotushughulisha ni sitara. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionesha kwamba Katavi, wasichana 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Utafiti wa 2022 ulionesha 34. Kwa mkoa mzima namba hiyo ni ya kusemwa wazi, tena kwa sauti. Lakini ukiishusha mpaka zahanati moja, na mwezi huo pakawa na binti mmoja tu wa miaka 15, ile "1" ni sawa na kumtaja jina. Kijiji kitamjua kabla ya adhuhuri. Kila namba ndogo tunaandika "chini ya 5", hatusemi zaidi. Kustiri tumefundishwa tangu chuoni, hatukujua kwamba tutakuja kukuandikia programu.

Tukichoka tunakumbushana yale yaliyopokewa kuhusu Sayyidna Umar, Allah amuwie radhi, aliyeogopa kuulizwa juu ya mnyama atakayejikwaa Iraq kwa sababu hakumtengenezea njia. Iraq na Madina ni mbali, kama Unguja na Mpanda.

Mtandao huko ukiwa dhaifu ukurasa haufunguki, kwa hiyo mwenzetu ameichapisha ramani na kuibandika ukutani kwenye chumba cha kliniki. Wahudumu wameanza kuongeza kwa kalamu vitongoji visivyomo. Mpaka juzi walikuwa wameandika 11.