Anga Halina Jiwe la Mpaka

Huku Ruiru mtu anaweza kukaa miaka mitano bila kujua jina la jirani, lakini mpaka wa ploti yake anaujua hadi inchi ya mwisho. Shuka Kamakis uone mabango: hamsini kwa mia, hati iko tayari, maji na stima ndani ya ploti, dakika tano tu kutoka barabarani. Ndugu wameshtakiana, wengine wameacha kusalimiana kanisani, kisa na maana ni jiwe la mpaka lililosogezwa hatua mbili. Ardhi tunaijua. Ila sijaona bango hata moja linalomwambia mnunuzi kitakachokuwa kikipita juu ya paa lake akishajenga.

Nilisomea upimaji wa ardhi chuo kikuu hadi mwaka wa pili, karo ikagoma, nikatoka. Siku hizi naandika: makala za tovuti za watu, maelezo ya bidhaa ambazo sitawahi kuzinunua, chochote mradi kinalipa. Wateja wangu wengi wako majuu, kwa hivyo usiku ndio mchana wangu. Na ukikesha kwenye keja ya chumba kimoja hapa Ruiru, ndege utazijua tu. Kuanzia saa nne hivi hadi kupita saa sita, zinapanda kutoka JKIA moja baada ya nyingine, nyingi zikielekea kaskazini. Si kelele ya kuziba masikio. Ni mngurumo wa mbali, kama lori linalopanda mlima usioisha. Nikaanza kuzifuata kwenye Flightradar24, mteja akichelewa kujibu. Amsterdam. Frankfurt. London. Doha. Jicho la mpimaji halistaafu: baada ya wiki chache niliona kwamba vile vindege vya manjano kwenye simu haviendi ovyo. Vinafuatana. Kuna barabara huko juu, na kuna mtu aliyeichora.

Barabara hiyo huanzia chini. JKIA ina njia moja tu ya kurukia, yenye urefu wa zaidi ya kilomita nne, na imelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Ndege hupenda kuruka ikiukabili upepo, na upepo wa Nairobi mara nyingi hutoka upande wa mashariki. Kwa hivyo nyingi huruka zikitazama Utawala na Ruai kabla ya kukata kona kwenda zinakokwenda. Halafu kuna suala la mwinuko. Uwanja uko mita 1,600 na kitu juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na hewa nyepesi huinyima injini nguvu na bawa mshiko. Ndege iliyojaa mafuta ya kufika Ulaya haipai kama mwewe. Hujikokota, na kadiri inavyojikokota ndivyo walio chini wanavyoisikia kwa muda mrefu.

Shangazi yangu ni mmoja wa hao walio chini. Alinunua ploti Utawala zamani kidogo, bei ikiwa bado ya binadamu, akajenga polepole, chumba baada ya chumba. Nikitoka Ruiru napanda mathrii ya Bypass, na jam ikiwa na huruma nafika kabla chai haijapoa. Nyumbani kwake mazungumzo yana vituo. Ndege ikija, wote tunanyamaza, kikombe hewani, kama watu wanaoombewa chakula. Ikipita, mtu anaendelea na sentensi yake palepale alipoiacha. Rimoti ya televisheni haitoki mkononi mwake: anaongeza sauti, anapunguza, anaongeza, wala haangalii vidole vyake.

Nilimuuliza kama yule aliyemuuzia ploti alimtajia ndege.

"Alinitajia lami," akasema. "Hata lami yenyewe ilikuja baada ya miaka."

"Na hujawahi kulalamika, Shangazi?"

"Kwa nani? Nipige simu mbinguni?"

Tulicheka, lakini swali lake si la mzaha. Lami ina mhandisi wa kaunti, maji yana kampuni yake, takataka zina MCA wa kutukana. Njia za angani zina Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, ambayo wengi wetu tunaisikia tu ajali ikitokea au ghorofa likiambiwa limepita kimo.

Ukidhani njia ya angani ni mambo ya juu kwa juu, hebu fikiria Dandora. Jalala lile limepokea taka za Nairobi tangu miaka ya 1970, na mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilichapisha uchunguzi wa afya ya watoto wanaoishi na kusoma karibu nalo: kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa. Ukapangwa mpango wa kulihamishia Ruai. Wasimamizi wa usafiri wa anga wakapinga. Jalala huvuta korongo na mwewe, na ndege mnyama akiingia kwenye injini ya ndege chuma inayopaa, watu wanaweza kufa. Hoja yao ilikuwa ya kweli kabisa. Ruai iko chini ya njia. Lakini tazama matokeo: abiria wakalindwa, watu wa Ruai wakaponea jalala, na mtoto wa Dandora akabaki na moshi wake. Mstari ambao hakuna aliyewahi kuuona kwa macho ulikuwa na uzito kuliko damu iliyopimwa maabara. Jalala bado liko pale.

Ndiyo maana nikisikia kwamba njia za ndege zinachorwa upya duniani kote, masikio yanasimama. Zamani rubani aliongozwa na mitambo ya redio iliyosimikwa ardhini: kutoka mtambo huu hadi ule, hata kama ni kuzunguka. Sasa setilaiti zinamwonyesha alipo kwa usahihi mkubwa, kwa hivyo njia inaweza kunyooshwa. Kushuka nako kunabadilika. Badala ya kushuka kama mtu wa ngazi, hatua, pumzika, ongeza moto, hatua, ndege inateremka mfululizo injini zikiwa karibu zimelala, kama dereva mzoefu anayeuachia mteremko kazi. Mafuta yanapungua, moshi unapungua, kelele ya kutua nayo inapungua. Usafiri wa anga hutoa takriban asilimia 2.5 ya hewa ya ukaa inayotokana na binadamu, na sisi ambao tuliona mafuriko ya Aprili 2024 hatuna sababu ya kudharau hata kilo moja inayookolewa. Kenya nayo imo kwenye safari hiyo ya setilaiti. Tena kazi ya kwanza ya njia ni kuzuia ndege zisikutane: Machi 5, 2024, ndege ya abiria na ndege ndogo ya mafunzo ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi, na wawili waliokuwa kwenye ile ndogo wakafariki. Anga letu linahitaji kupangwa vizuri. Sibishi.

Tatizo ni kwamba usahihi una mtu wake wa kuulipia. Njia za zamani zilitawanya ndege. Hii ilipita kwa mama fulani, ile ikapita mtaa wa pili. Setilaiti inazipanga kwenye mstari mmoja mwembamba, kama treni kwenye reli. Moshi unapungua kwa wote, kelele inaongezeka kwa wachache. Phoenix, jimbo la Arizona, walijifunza hivyo Septemba 2014, mamlaka ya anga ya Marekani ilipobadilisha njia za kuondokea uwanja wao. Watu walilala na mtaa wao wa kawaida wakaamka chini ya reli. Mji ukaenda kortini, na Agosti 2017 mahakama ya rufaa ya Washington ikaupa ushindi: mamlaka haikuwa imeshauriana na mji na wakazi inavyotakiwa. Mahakama haikusema ndege zisipite. Ilisema huwezi kumpitishia mtu reli juu ya kitanda bila kumwuliza.

Kuna jambo jingine lililonikera zaidi nilipolielewa. Nilikuwa nashangaa mbona ndege za Ulaya huondoka kwetu usiku mkubwa. Sehemu ya jibu ni biashara: abiria wanataka kufika asubuhi wapate ndege za kuunganisha. Sehemu nyingine ni usingizi. Frankfurt imefunga safari za usiku zilizopangwa, kuanzia saa tano hadi saa kumi na moja alfajiri, tangu mwaka 2011. Heathrow ina kikomo cha ndege zinazoruhusiwa kati ya saa tano na nusu usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Majirani wa viwanja hivyo walipiga kelele miaka mingi hadi wakapewa sheria. Sasa piga hesabu. Ndege inayotakiwa kutua Ulaya wakati wao wa kuamka, baada ya safari ya saa nane hivi, itaruka Embakasi saa ngapi? Itaruka shangazi akiwa ndio amefumba macho. Usingizi wa Frankfurt umeandikwa kwenye sheria. Wa Utawala umeandikwa kwenye rimoti.

Nilipeleka hasira hiyo Thika, kwa mama. Yeye amefanya kazi miaka mingi kwenye shamba la maua, chumba cha kupangia, akipima waridi kwa urefu wa shina na kuyafunga kwa makumi mbele ya baridi ya friji. Waridi hilo halina subira. Likikatwa leo, linatakiwa sokoni Uholanzi kabla halijajua limekufa, kwa hivyo linapanda ndege, ya mizigo au tumboni mwa ile ya abiria. Ikikaribia tarehe 14 Februari, mama haonekani nyumbani.

"Mama, unajua maua yako ndiyo hupita yakinguruma juu ya keja yangu usiku?"

Hakuinua macho kutoka kwenye sukuma aliyokuwa akikata. "Na kama yasingepita, wewe hiyo miaka miwili ya chuo ungesomea nini? Upepo?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Karo iliyolipwa, ililipwa na ndege hizo. Kodi ya mama, vilevile. Kwa hivyo siwezi kuandika hapa kwamba zipungue kana kwamba mimi niko nje ya hesabu. Mtu wa Thika anayefunga waridi na mtu wa Utawala anayekosa usingizi wako kwenye safari moja, ila mmoja ana hati ya malipo ya mwezi na mwingine hana hata barua.

Barua ndiyo naitaka. Kituo cha petroli kikitaka kujengwa mtaani kwenu, NEMA hudai ripoti ya athari kwa mazingira, na majirani wana nafasi ya kusema. Katiba ya 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 69 inaitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika kuyatunza. Sijasoma popote kwamba mazingira yanaishia kwenye mabati. Njia mpya ikichorwa, ramani yake ibandikwe kwa chifu wa Ruai, Utawala, Ruiru na Juja, kwa lugha ya watu: ndege ngapi, kimo gani, saa ngapi, na mafuta kiasi gani yanaokolewa. Pengine wakazi watakubali. Pengine watasema njia ziwe mbili, zipokezane wiki kwa wiki, ili kila mtaa upate usiku wa kulala. London wana utaratibu wa namna hiyo wa kupokezana njia za kutulia mchana, kwa hivyo si ndoto. JKIA yenyewe ilianza na watu wasioulizwa: ilijengwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, ikafunguliwa 1958 ikiitwa Embakasi. Wajukuu wao sasa ndio wanunuzi wa ploti. Kuulizwa mara moja si ombi kubwa.

Kabla siku hiyo haijafika, rafiki zangu wanaoweka pesa kwenye chama ili wanunue kipande kando ya Bypass nawaambia hivi: mpe mpimaji haki yake, ahakikishe mawe yote manne. Kisha rudi peke yako saa tano usiku, simama katikati ya hayo mawe, zima simu, na usikilize ni nini kingine unachouziwa.