Siku moja Geita na Saanane

Baada ya Swala ya Alfajiri, siku ya Jumamosi, basi lilisimama mbele ya msikiti wetu jijini Mwanza. Tulikuwa watu 46: wanafunzi wa madrasa, walimu wao, na akina mama waliobeba masufuria ya pilau na madumu ya maji. Safari hii haikupitishwa kirahisi. Katika kikao cha kamati, wazee wawili walihoji iwapo inafaa kutumia fedha za msikiti kwa matembezi, na hoja yao ilikuwa na uzito. Tuliwajibu kuwa ndani ya mwaka mmoja vijana wanne wa madrasa yetu wameacha masomo na kukimbilia machimbo ya dhahabu, na mawaidha yetu hayakumrudisha hata mmoja. Ilikuwa ni vyema waliobaki wakaone kwa macho yao kile kinachowaita wenzao. Wazee waliridhia, kwa sharti kwamba jioni watoto wapelekwe pia kisiwani Saanane, wasirudi na habari za mashimo peke yake.

Tulisoma dua ya safari, tukashika njia ya Usagara hadi Kigongo. Wengi wetu tunaikumbuka foleni ya kivuko cha kwenda Busisi, ambako msafiri alisubiri zamu yake hata akiwa na mgonjwa garini. Tangu Juni 2025 pana Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, nasi tulivuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache, watoto wakiwa wamebandika nyuso zao vioo vyote vya upande wa ziwa. Tukapita Sengerema, na kabla ya saa nne asubuhi tulikuwa Geita.

Mzee mmoja mwenyeji alitupokea msikitini na kutupa historia ya mji wake. Wajerumani waligundua dhahabu hapa mwaka 1898. Uchimbaji mkubwa wa chini ya ardhi ulishamiri zama za Waingereza, kuanzia miaka ya 1930, na mgodi ule ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Alitutembeza pia nje ya soko la madini lililofunguliwa mwaka 2019, la kwanza nchini, ambako mchimbaji mdogo huuza mali yake hadharani na kwa mizani, badala ya kuiuza kwa kificho.

Kisha alitoa jiwe mfukoni, akawapa watoto walipitishe mkono kwa mkono. Aliwauliza ni nani anayeiona dhahabu ndani yake. Walilizungusha, wakalielekeza juani. Hakuna aliyeiona. Akawaeleza kuwa jiwe la namna hiyo hutolewa ndani ya duara refu, husagwa kwenye karasha, unga wake ukaoshwa, dhahabu ikanaswa kwa zebaki, na zebaki ikachomwa motoni. Moshi wake ni sumu, na anayeuvuta huenda asijue amedhurika mpaka mikono ianze kutetemeka. Watoto walinyamaza.

Miongoni mwa akina mama tuliosafiri nao, alikuwapo mmoja ambaye hakuwa amezungumza tangu Mwanza. Mwanawe ni mmoja wa wale vijana wanne, na alikuwa amemtumia ujumbe kupitia simu ya jirani. Tulipomaliza kuswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri, kijana alikuwa amesimama mlangoni, nguo zake zimejaa udongo. Alitoa salamu, akapiga goti mbele ya mama yake na kumwamkia. Mama hakumgombeza. Alimpakulia pilau, akamtazama akila.

Tulimwendea na kumuuliza dhahabu imempa nini. Alijibu kwa adabu:

"Ustadh, mimi sikuifuata dhahabu. Baba alipofariki, nilirudishwa nyumbani mara tatu kwa kukosa mchango wa madrasa, na mdogo wangu hakuwa na sare ya shule. Mara ya tatu niliona haya kurudi."

Orodha ya wanaorudishwa nyumbani huandikwa na katibu wa kamati. Mwandiko ule ulikuwa wetu.

Kabla hatujapata la kusema, aliuliza kama chembe za dhahabu anazopata zina Zaka. Tulimfahamisha kuwa kwa madhehebu ya Imamu Shafii, dhahabu inayotolewa ardhini hutolewa Zaka robo ya moja ya kumi, yaani asilimia 2.5, bila kungoja mwaka, iwapo imefikia nisabu, ambayo ni takriban gramu 85. Yeye hakuwahi kushika hata gramu tatu kwa wakati mmoja.

"Basi mimi ni wa kupokea," alisema akicheka. Sisi hatukuweza kucheka naye.

Kijana huyu ana miaka 16, na sheria ya nchi inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya machimbo. Lakini sheria haimnunulii mdogo wake sare. Mwenyekiti wetu alivua kofia yake, ikazunguka kwa wasafiri wote, na hata watoto walitia sarafu walizopewa za kununulia peremende. Basi lilisubiri nusu saa. Kijana alirudi na begi dogo, akaketi pembeni ya mama yake. Wenzake watatu hatukuwaona.

Saa kumi jioni tulipanda boti kuelekea Saanane, kisiwa kinachotazamana na jiji. Kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa mvuvi na mkulima hapo. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, na tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Watoto waliwafurahia pimbi juu ya mawe, swala chini ya miti, na tumbili walioyatamani mabaki ya pilau yetu. Tulipowasimulia habari za ile bustani ya zamani, binti mmoja mdogo aliuliza: "Wanyama waliofungiwa walikuwa wanalishwa na nani?"

Mwalimu wake alimjibu kwa Hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwachie akajitafutie. Hadithi hiyo tumeifundisha miaka mingi. Jioni ile ilituuma kwa namna nyingine, kwani tulikuwa tumemfungia mtoto yatima mlango wa elimu, wala hatukuuliza atakwenda kula wapi.

Kamati ilikutana siku iliyofuata. Tuliamua kuwa hakuna mwanafunzi atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa mchango, na kwamba orodha ya wasiolipa ipelekwe kwa wanaogawa Zaka na sadaka. Tunaziomba kamati za misikiti mingine zizitazame orodha zao kwa jicho hilo. Na yeyote aliye Geita akiwaona vijana wetu watatu, awafikishie salamu zetu, awaambie kuwa nafasi zao madrasa bado zipo. Mwenyezi Mungu awahifadhi, na atusamehe sisi.