Kosa Langu, si la Dereva

Nimewaacha watu waamini kwamba pikapu yangu ilipata ajali kwenye mteremko wa Soni kwa sababu ya mwendo kasi. Sivyo. Shafti ya nyuma ilikatika kwa kazi niliyoiagiza mimi, nikailipia mimi, tena nikiwa nimeshaonywa.

Msimu wa kabichi na karoti Lushoto, anayeshusha magunia mengi kwa safari moja hadi Mombo ndiye anayeona faida. Pikapu yangu ilikuwa ya tani moja. Nikatazama malori madogo yenye tairi dabo nyuma, nikajiambia nikifunga dabo nami nitabeba kama wao. Fundi wa kwanza alikataa. Alivua gurudumu, akanionyesha: kwenye gari langu shafti inayozungusha gurudumu ndiyo hiyo hiyo inayobeba uzito, na imeshikwa na beringi moja tu mwishoni mwa hausingi. Lori lililotoka kiwandani na dabo haliko hivyo. Kule habu imekaa juu ya hausingi kwa beringi mbili, shafti kazi yake ni kuzungusha tu, na hata ikikatika gurudumu halitoki. "Bosi, tairi utaongeza, lakini ekseli ni ile ile," alisema. Nikaona ananizibia riziki. Nikahamia gereji nyingine.

Huko nilifanyiwa nilichotaka: stadi ndefu, spesa ya chuma, na rimu ya pili nje ya ile ya zamani. Nikaomba na springi ziongezwe pleti. Hizo pleti zilinidanganya kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu gari lilisimama vizuri hata likiwa limezidiwa, nikaona limekubali. Kumbe tairi la nje lilikuwa mbali na beringi, na kadiri lilivyokuwa mbali ndivyo uzito ulivyozidi kuikunja shafti. Tairi la nje likikanyaga palipoinuka, lilibeba karibu mzigo wote. Breki nazo zilikuwa zile zile za tani moja.

Wala hatari hii haikuwa siri. Marekani, miaka ya 1970 na 1980, nyumba za kusafiria zilijengwa juu ya pikapu ndogo za Toyota, na baadhi zilifungwa dabo kwenye ekseli nyepesi ya nati 5. Ekseli hizo zikawa zinakatika barabarani. Dawa yake ilikuwa kung'oa ekseli nzima na kufunga ile nzito ya nati 6.

Dereva aliniambia, tena akarudia, kwamba anasikia mlio nyuma na drami la kushoto linachemka. Nikamjibu apeleke mzigo kwanza, beringi tutabadilisha mwisho wa mwezi. Shafti ilipokatika, tairi zote mbili za kushoto zilichomoka na drami lake, mafuta ya breki yakamwagika, na yeye akaligongesha gari kwenye ukuta wa mlima ili lisielekee bondeni. Utingo alivunjika mguu. Dereva ndiye aliyejiokoa na kumwokoa utingo.

Nami watu waliponiuliza, nikasema alikuwa anakimbiza. Maneno hayo yalimfuata. Matajiri wa magari pale Mombo wakaacha kumpa kazi, nami nikanyamaza nikijua ukweli. Nilimlipia utingo matibabu, nikajiona nimemaliza deni.

Dereva nimemwomba radhi mbele ya wenzake, na ninarudia hapa kwa wote waliosikia uongo wangu: hakuwa mzembe. Mpeni gari.

Na wewe uliyefunga dabo kwa spesa, usingoje mlio. Zivue, rudi kwenye mzigo wa tani moja, au badilisha ekseli nzima pamoja na breki zake. Dereva wako akikuambia gari lina tatizo, lisimamishe siku hiyo hiyo.